Deni Lisilo na Baraza: Mikopo Midogo na Nyumba Zinazobadilika Kasongo na Kabambare

Katika teritori za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkopo mdogo hutiwa saini au kuwekewa kidole na mtu mmoja, ilhali hesabu inayomfanya mtu huyo athubutu kuuchukua ni hesabu ya nyumba nzima. Mwanamke anayekopa faranga za kununulia mafuta ya mawese au karanga za kupeleka mjini huwa amekwisha kukadiria kwamba mume atalima shamba la mpunga, kwamba kijana mkubwa atasukuma baiskeli ya mizigo, kwamba mama mkwe atabaki na watoto wadogo siku za soko, na kwamba wanaokula chungu kimoja ni watu sita wala si kumi na mmoja. Makadirio hayo hayaandikwi popote katika kitabu cha mkopaji, ambamo huingia jina lake, kiasi alichopokea, riba, yaani ziada inayolipwa juu ya fedha iliyokopwa, na tarehe za kulipa. Kwa hiyo siku mume anapofariki au anapoondoka, au ndugu watano wanapofika usiku wakikimbia bunduki, msingi wote wa mkopo hubomoka na kitabu hubaki kama kilivyokuwa.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kutenganisha aina za mikopo inayopatikana huko. Iliyo ya zamani zaidi ni likelemba, ambayo sehemu nyingine za mashariki huitwa kirimba, yaani duru ya watu wanaochanga kiasi sawa na kumkabidhi mmoja wao jumla yote kwa zamu, hivi kwamba anayepokea mapema ni mdaiwa wa wenzake mpaka duru iishe. Baada yake kuna AVEC, kifupi cha jina la Kifaransa la vyama vya vijijini vya akiba na mikopo, mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambao umeenea Afrika nzima, Maniema ikiwemo: watu kati ya 15 na 30 hukutana kila juma, hununua hisa, huzifungia fedha katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, hukopeshana kiasi ambacho kwa kawaida hakizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na baada ya miezi 9 hadi 12 hulifungua sanduku na kugawana akiba pamoja na faida. Ndugu yake ni MUSO, chama cha mshikamano kinachotenganisha fedha zake katika masanduku matatu ya rangi, la kijani kwa akiba na mikopo, la bluu kwa fedha zinazotoka nje ya kikundi, na jekundu kwa misiba, ambalo mchango wake haurudishwi kwa aliyeutoa. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, vinavyojulikana kwa kifupi cha COOPEC na kutawaliwa na sheria ya tarehe 2 Februari 2002 chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kongo, huhudumia zaidi wenye mishahara na wafanyabiashara wa mjini. Nje ya hayo yote yuko mkopeshaji binafsi asiye na kibali, ambaye Wakongo wamembandika jina la Banque Lambert, na ambaye hutoa fedha siku ileile bila maswali mengi, kisha hudai ziada ya asilimia 30, 40 au hata 50 kwa mwezi mmoja.

Kukopa si jambo jipya katika nchi hii. Kasongo ilikua katika karne ya 19 ikiwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na misafara yake, sawa na mingine iliyopitia Kabambare na Nyangwe, iliendeshwa kwa bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan akiwa mmoja wa wakubwa wao, kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu. Biashara hiyo ilikamata na kuuza watu pia, na hakuna sababu ya kuipamba. Lakini katika jambo moja la ufundi wa mikopo ilikuwa na busara ambayo mikopo ya leo imeipoteza, kwani aliyekopesha Unguja alijua kwamba vita, njaa au ndui vingeweza kuuchelewesha msafara, na kwa sababu hiyo muda wa kulipa ulikadiriwa kwa miaka, na aliyechelewa aliendelea kupewa bidhaa ili apate cha kulipia deni la kwanza. Subira hiyo ilikuwa ya wakubwa kwa wakubwa. Mkulima wa sehemu kama Wamaza au Salamabila, ambaye vita na magonjwa humfikia kwa urahisi zaidi kuliko vilivyomfikia tajiri wa pembe, leo hupewa miezi mitatu.

Miezi mitatu ni muda mfupi hata katika nyumba isiyopatwa na lolote. Mpunga unaopandwa baada ya mvua za Septemba huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na bei yake ni ya chini kabisa katika majuma yaleyale ambayo wote huvuna. Barabara kutoka Kasongo hadi Kindu, takriban kilomita 240, hupitwa kwa pikipiki na kwa baiskeli zinazosukumwa zikiwa zimebeba magunia, na garimoshi linalopita Samba haliaminiki kiasi cha kumwezesha mfanyabiashara kupanga tarehe. Mkopaji huanza basi akiwa hana nafasi ya kukosea. Hulipa kwa sababu watu wa nyumba yake wapo, wazima, na kila mmoja anafanya sehemu yake, jambo ambalo halitokani na sifa yoyote ya mkopo wenyewe, ingawa taarifa za miradi hupenda kuzisifu asilimia za marejesho kana kwamba ni ushindi wa mbinu.

Katika mabadiliko yote yanayoweza kuipata nyumba, kifo ndicho kilichopewa utaratibu. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Kasongo kuliko katika sehemu nyingi za Kongo, maiti haipelekwi kaburini kabla msemaji wa familia hajasimama na kuuliza ni nani anayemdai marehemu, na kutaja ndugu atakayeonwa kwa habari hiyo. Sheria ya mirathi ya Kiislamu huagiza deni lilipwe kutoka katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana chochote. Kwa Wakristo, ambao askofu wao ana kiti chake Kasongo, na kwa wale wanaofuata zaidi desturi za Wabangubangu, Wakusu, Wazimba au Wabuyu, utaratibu ni mwingine lakini nafasi ni ileile: wakati wa kilio, jamaa wakiwa bado wamekusanyika, wazee huketi, wadai hujitokeza, na huamuliwa nani atabeba nini. Kikundi cha akiba nacho huhudhuria, hutoa mchango wake wa msiba, na mara nyingi hutumia siku hizohizo kukubaliana na familia kuhusu mkopo uliobaki. Uamuzi unaweza kuwa mbaya, hata wa dhuluma, lakini deni limetamkwa mbele ya watu, na lililotamkwa hivyo huweza kugawanywa, kusamehewa sehemu au kuahirishwa.

Sheria ya nchi haiko mbali na desturi hiyo, ila utekelezaji wake una kombo. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, huhesabu kwamba haki na wajibu wa marehemu vyote huwapitia warithi, kwa maana kwamba anayechukua mali huchukua na madeni yake. Watoto hupewa robo tatu ya urithi, na robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mjane husimama pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki pia ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Hesabu hiyo ni nzuri katika karatasi. Katika uwanja wa kilio hutokea kwamba ndugu wa mume huichukua baiskeli, cherehani na bati zilizonunuliwa kwa mkopo, huku mkopo wenyewe ukiachwa kwa mjane kwa hoja kwamba ni yeye aliyekuwa akienda kwenye kikundi. Na kama ndoa ilifungwa kwa mahari tu bila kuandikishwa kwa ofisa wa serikali, kama zilivyo nyingi za vijijini, mjane hana hati ya kuwaonyesha wanaomwambia kwamba hakuwa mke.

Pamoja na kasoro hizo, mdaiwa aliyefiwa ana bahati moja ambayo wadaiwa wengine hawana. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba hali yake imebadilika. Mwanamke ambaye mume wake amehamia kwa mke wa pili katika sekta nyingine, mwanamume ambaye mke wake amerudi kwao na kuwaacha watoto, mama aliyejifungua pacha mwezi ambao alipaswa kwenda kununua mpunga, mzazi ambaye mtoto wake amelazwa hospitalini na hawezi kuruhusiwa kutoka mpaka ankara ilipwe, hao wote wamepungukiwa na mapato au wameongezewa matumizi kwa kiwango kinachoweza kuzidi kile cha msiba, lakini hakuna kilio kinachowekwa kwa ajili yao. Mabadiliko yao hayana siku, hayana mkusanyiko, na baadhi yake yana aibu. Mume aliyeondoka anaweza kurudi mwezi ujao, na mwanamke anayetangaza kwenye kikundi kwamba ameachwa huwa amelitangaza jambo ambalo bado anatumaini si kweli. Kwa sababu hiyo hunyamaza, hulipa juma la kwanza kwa kuuza kuku, juma la pili kwa kuuza mbegu alizoweka kwa ajili ya kupanda, na juma la tatu haonekani.

Wageni wa vita ni aina ya pekee ya mabadiliko, na Kabambare imeyajua kuliko inavyostahili. Watu wanaokimbia mapigano katika mashariki ya Maniema hawaishii kwa wingi katika kambi, bali hupokewa na jamaa, na jamaa hupokewa bila masharti, kwa kuwa anayemfungia mlango mtoto wa shangazi yake leo hatakuwa na mlango wa kubisha kesho. Ukarimu huo ndio uliowaokoa watu wakati wa uasi wa 1998 hadi 2003, Kasongo ilipokatika na sehemu nyingine za nchi, na ndio uliorudiwa kila mara vikundi vyenye silaha vya Mai-Mai vilipopigana na jeshi karibu na Salamabila. Lakini gharama yake hubebwa na sufuria ya mwenyeji, ambaye akiba ya mpunga aliyotarajia kuiuza Machi ili alipe mkopo huliwa Januari, wala hawezi kulalamika, kwa sababu kulalamikia mgeni ni aibu kubwa zaidi ya kutolipa. Mashirika ya misaada, yanapofika, humwandikisha aliyekimbia. Aliyempokea hubaki nje ya orodha mara nyingi mno, na deni lake nalo hubaki nje.

Kukoma kwa mshahara ni mabadiliko ya nyumba pia, ingawa huzoea kuhesabiwa kuwa jambo la uchumi. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulio karibu na Salamabila, uliingia katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada, na Septemba 2019 kampuni ilisimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama, baada ya miezi ya mashambulizi na utekaji nyara. Waliokuwa na mkataba walipoteza ujira kwa siku moja, na nyuma yao walikuwepo wapika chakula, wafua nguo, wauza mkaa na wapangishaji wa vyumba, ambao hawakuwa na mkataba wowote na mgodi lakini mikopo yao ilitegemea siku ya mshahara wa wengine. Kisha hufuata jambo ambalo takwimu za ajira hazilioni: baba aliyezoea kutuma fedha huanza kuja kula nyumbani au huondoka kwenda kuchimba kwa mkono mbali zaidi, na kwa vyovyote vile mke aliyekopa akiwa na mume mwenye mshahara huwa sasa ni mdaiwa wa aina nyingine, bila kitabu chake kubadilika mstari.

Kinachofuata ukimya kinaweza kuonyeshwa kwa mfano wa hesabu. Mwanachama mwenye akiba ya faranga 100,000 hukopa 300,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi juu ya kiasi cha mwanzo, hivyo atarudisha 390,000, sawa na 130,000 kila mwezi. Hulipa fungu la kwanza, kisha mume huondoka. Akisema kikundini, na kikundi kikakubali kuzigawanya 260,000 zilizobaki katika miezi sita bila kuongeza riba, atalipa kidogo zaidi ya 43,000 kwa mwezi, kiasi ambacho muuza mihogo anaweza kukipata kwa kujinyima. Akinyamaza, na ili asiaibike akazichukua hizo 260,000 kutoka Banque Lambert kwa asilimia 50, mwisho wa mwezi atadaiwa 390,000, yaani kiasi kilekile alichodaiwa siku ya kwanza, baada ya kuwa amekwisha kulipa 130,000 na kumaliza deni lake kikundini kwa heshima. Kikundi kitamwandika katika safu ya waliolipa vizuri. Ndiyo maana asilimia nzuri za marejesho zinahitaji kusomwa kwa wasiwasi, kwa kuwa sehemu yake inaweza kuwa ni madeni yaliyohamia mahali ambapo hakuna anayeyahesabu.

Mkopo wa fedha za kigeni huongeza uzito mwingine. Wafanyabiashara wa Kasongo huweka bei nyingi kwa dola ya Marekani, na mikopo mikubwa kidogo hutolewa kwa dola, lakini mwalimu hulipwa faranga na muuza mchicha hupokea faranga. Mwishoni mwa 2015 dola moja ilikuwa takriban faranga 920, na mwishoni mwa 2017 ilikaribia 1,600. Aliyekuwa na deni la dola katika kipindi hicho alilazimika kutafuta faranga nyingi zaidi kwa kila fungu hata kama nyumba yake haikupatwa na kitu. Aliyefiwa au kuachwa katika miaka hiyohiyo alipata mapigo mawili.

Mdaiwa akishatoweka, tafsiri ya jambo hubadilika, na hapo ndipo ukosefu wa baraza, yaani mkusanyiko wa kulitamka deni kama ule wa kilio, huleta madhara yake makubwa. Mdai huenda kwa OPJ, yaani ofisa wa polisi mwenye mamlaka ya kupeleleza makosa, na kufungua mashtaka ya kusaliti uaminifu, kosa la kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, au ya utapeli, kosa la kifungu cha 98. Hatua hiyo haina msingi mzuri kisheria. Kosa la kifungu cha 95 humhusu mtu aliyekabidhiwa mali ili airudishe ileile au aitumie kwa kazi maalumu, kisha akaifuja, ilhali fedha za mkopo huwa mali ya mkopaji tangu anapozipokea, na anachodaiwa ni thamani yake. Zaidi ya hayo, nchi, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga tarehe 1 Novemba 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 hukataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Lakini kasho, chumba cha mahabusu cha polisi, haingoji hoja za wanasheria. Siku mbili ndani yake hutosha kuilazimisha familia kuuza mbuzi au kipande cha shamba, na kati ya mauzo hayo sehemu huishia kwa yule aliyeshika ufunguo. Mdai hupata kilichobaki, na akikitazama vizuri huona kwamba angepata zaidi kwa kungoja.

Njia ya halali ipo, na watu wachache mno huijua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia tarehe 12 Septemba 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara, na kwa kuingia huko ilipokea sheria ya mwaka 1998 juu ya taratibu za kudai madeni, ambayo imefanyiwa marekebisho mwaka 2023. Kifungu cha 39 cha sheria hiyo ya 1998 kilimpa jaji uwezo wa kuahirisha malipo au kuyagawanya katika mafungu ndani ya muda usiozidi mwaka mmoja, akiiangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, isipokuwa kwa madeni ya matunzo ya chakula na yale ya hundi na hati za kibiashara. Katika lugha ya vijijini huo ni muda wa kupumua unaotolewa na mahakama. Ni baraza hasa, lenye uwezo wa kusikiliza habari za mume aliyeondoka na wageni waliofika; shida ni kwamba mdaiwa wa faranga 260,000 anayeishi siku mbili za baiskeli kutoka mahakamani angetumia nauli, karatasi na siku za kazi zenye thamani inayokaribia deni lenyewe, na mara nyingi hufika mbele ya mwenye cheo chochote akiwa tayari ni mtuhumiwa.

Kuna jambo la wanawake ambalo haliwezi kupitwa. Mpaka 2016 mke aliyeolewa alihitaji kwa sheria idhini ya mume ili afunge mkataba unaomfunga yeye mwenyewe, na marekebisho ya mwaka huo yaliiondoa idhini hiyo, jambo lililoshangiliwa kwa haki. Hata hivyo vikundi vingi vya AVEC vina wanawake wengi kuliko wanaume, na katika nyumba nyingi mke hukopa kwa jina lake fedha ambazo mume ndiye huzitumia, kwa kununulia pikipiki, kwa kulipia mahari ya mdogo wake au kwa safari ya migodini. Sheria mpya imemwondolea mke sharti la idhini bila kumpa njia ya kuonyesha kwamba fedha hazikubaki mikononi mwake. Ndoa inapovunjika, mume huondoka na pikipiki, na mke hubaki na kitabu. Kikundi ambacho wakati wa kutoa mkopo kingeandika kwa mstari mmoja tu fedha zinakwenda kwenye kazi ya nani, kingekuwa na jambo la kumwambia mume huyo mbele ya wazee.

Sanduku jekundu la MUSO, na mfuko wa jamii ambao AVEC nazo huuweka kando ya fedha za mikopo, vinathibitisha kwamba wanavikundi wenyewe wanajua kuwa nyumba hubadilika. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, kiasi kinachotolewa hutosha sanda, chai ya kilio au dawa za siku chache, wala hakigusi fungu la mkopo. Pili, mfuko wa namna hiyo hufanya kazi msiba unapompata mmoja na wengine wakiwa salama. Bunduki zinapolia, kipindupindu kinapoingia au mgodi unapofungwa, wanachama wote huomba siku moja, na sanduku huisha kabla nusu yao hawajafika. Hatari ya aina hii ya pili, ambayo wataalamu wa bima huiita hatari ya pamoja, haiwezi kubebwa na kijiji kimoja. Mfano ulioandikwa sana nchini Kongo kuhusu kukusanya nguvu za vijiji vingi unatoka Bwamanda, kaskazini-magharibi, ambako mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa bima ya kulazwa hospitalini: mchango ulikusanywa katika msimu ambao fedha za mazao ziko mkononi, familia ikaandikishwa kwa pamoja, na aliyelazwa akalipa asilimia 20 tu ya ankara. Bwamanda ilikuwa na hospitali imara na mradi mkubwa wa maendeleo nyuma yake, na haiwezi kunakiliwa Kabambare kwa mwaka mmoja; lakini iliiandika nyumba badala ya mtu, na iliitisha fedha zilipokuwepo.

Upande wa dini hauna budi kutajwa, kwa kuwa Kasongo haiwezi kuzungumzia riba bila Waislamu wake kuinua kichwa. Wapo wanaokataa kununua hisa zenye faida ya riba na kubaki katika likelemba, isiyo na ziada yoyote. Wapo wanaoingia AVEC kwa sharti kwamba ziada iitwe mchango wa pamoja, hoja ambayo mashehe hawakubaliani juu yake. Mjadala huo hurefuka mno juu ya ziada na kufika kwa nadra kwenye mafundisho mengine mawili ya Kurani yaliyo wazi zaidi: kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka hali yake ifunguke, na kwamba waliolemewa na madeni ni miongoni mwa makundi yanayostahili zaka. Msikiti unaokusanya zaka ya mpunga baada ya mavuno una fedha za kazi hiyo hasa, na una Ijumaa ambayo watu hukusanyika bila kusubiri mtu afe.

Kwa vikundi vya akiba, siku yenye uzito kuliko zote ni ile ya kugawana, mwisho wa duru, ambapo mwenye deni lisilolipwa hukatwa kwanza kutoka katika hisa zake. Mwanamke wa mfano uliotangulia, akiwa na akiba ya 100,000 na deni la 260,000, akipewa ile miezi sita anaweza kufika siku hiyo akiwa amebakiza mafungu mawili, takriban 87,000, ambayo akiba yake inatosha kuyafuta. Atatoka na faranga elfu kumi na tatu hivi pamoja na sehemu yake ya faida, wakati wenzake wakibeba za kununulia bati. Asipopewa, akiba huliwa yote na bado 160,000 huandikwa mbele ya jina lake. Majuma machache baadaye kikundi huanza duru mpya, na kabla ya kuuza hisa ya kwanza mwandishi huwasomea wanachama kanuni zao, ibara moja baada ya nyingine, ili wazithibitishe au wazibadilishe. Ibara ya mkopaji anayefariki vikundi vingi vinayo. Iliyo juu ya mkopaji aliyeachwa, aliyelaza mtoto hospitalini au aliyepokea wakimbizi wanaweza kuiongeza siku hiyohiyo, kwa kalamu ileile, wakitaja ni nani wa kupelekewa habari nje ya kikao ili asilazimike kusimama mbele ya wote, na ni miezi mingapi ya nyongeza ambayo sanduku linaweza kuvumilia.